Safari Ilikuwa ya Nani?

Nimerudi Dar es Salaam. Ukimya wa siku tano ulikuwa na sababu. Nilikuwa Unguja na rafiki yangu mmoja, tumekodi Suzuki ndogo, tumekizunguka kisiwa sisi wenyewe bila dereva na bila mtu wa kututembeza. Picha za bahari mmeshaziona nyingi kwa wengine, kwa hiyo sitawachosha nazo. Nataka kuandika juu ya siku ya mwisho tu, siku ya kurudisha gari na kuwahi boti.

Siku ya mwisho haina mwandishi. Vitabu vya watalii vinaimaliza kwa mistari miwili: jaza mafuta, kabidhi ufunguo, fika bandarini mapema. Lakini katika historia ya Unguja, siku ya mwisho ya safari ndiyo inayofichua mambo. Ndiyo siku unayojua nani alikuwa msafiri na nani alikuwa mzigo.

Tuanze na neno lenyewe. Kwetu safari ni safari tu. Kwenda kijijini kuzika ni safari, kwenda Maka ni safari, kwenda Mwanza kwa basi ni safari. Mzizi wake ni Kiarabu, sisi tukalifanya letu, na katika karne ya 19 Waingereza wakalichukua kutoka kwetu. Walipolichukua walilipunguza. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa na bunduki zake, muda mfupi tu baada ya kutoka Ikulu ya Marekani, neno hilo kwa wazungu lilikuwa limeshapata sura yake: bwana mmoja mbele, hema, bunduki, na nyuma yake mstari mrefu wa watu weusi wenye mizigo vichwani. Baadaye bunduki ikawa kamera, na ule mstari wa watu ukawa gari. Siku hizi hata dereva ameondolewa. Mgeni anachukua kibali cha kuendesha gari Zanzibar, anapewa ufunguo, anajiendesha mwenyewe.

Kujiendesha mwenyewe! Ndugu msomaji, hebu liweke neno hilo akilini, nitalirudia.

Asubuhi ya siku ile tulitoka Nungwi, kaskazini kabisa ya kisiwa. Rafiki yangu ndiye aliyeshika usukani, na huyu bwana ni Mnyamwezi wa Tabora. Hilo lina umuhimu wake. Tulipita Mkokotoni, tukasimama Mahonda kununua machungwa kwa mzee mmoja kando ya barabara. Tulimwamkia, akaitika, akauliza sisi ni watu wa wapi. Rafiki yangu akajibu: Tabora.

"Aaa, Mnyamwezi!" mzee akacheka. "Mbona leo umekuja bila ya mzigo?"

"Shikamoo tena, mzee," rafiki yangu akamjibu. "Mzigo nimeuacha kwa babu."

Tukacheka wote, tukaongezewa machungwa mawili ya bure. Utani huu una umri mkubwa kuliko sisi watatu tukijumlishwa. Katika karne ya 19 Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi ya upagazi katika njia ya kati, ile inayotoka Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo, kuja pwani. Walishuka na pembe za ndovu kwa maelfu, wakapandisha vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Wengi waliishia Bagamoyo, na jina la mji ule wengi wanalieleza kwa kazi hiyo hiyo: bwaga moyo, umefika, tua mzigo. Pembe ziliendelea kuvuka bahari kwa majahazi hadi Unguja, na utajiri wa Unguja ukajengwa hapo, pamoja na ule uliotoka kwenye karafuu na kwenye utumwa.

Kutoka Mahonda unateremka Bububu, unapita Mtoni na Maruhubi, ambako Sultani Barghash alijenga kasri mwaka 1882 na moto ukaliteketeza mwaka 1899. Kisha, kabla hujaingia Mji Mkongwe, unakutana na nyumba kubwa ya zamani inayoitwa Nyumba ya Livingstone. Ilijengwa kama mwaka 1860, zama za Sultani Majid bin Said. Wazungu wengi wa ule wakati wa kwenda bara walikaa humo kujiandaa. David Livingstone mwenyewe alifika Unguja tarehe 28 Januari 1866 na akaondoka tarehe 19 Machi. Hazijatimia miezi miwili, nyumba ina jina lake hadi leo. Na kwa miaka mingi baada ya uhuru nyumba hiyo hiyo ikawa ofisi ya shirika la utalii la Zanzibar. Yaani mahali pa kupangia safari za zamani pakawa mahali pa kupangia safari mpya.

Sasa turudi kwenye lile neno. Katika hao wote waliopita kwenye nyumba ile, hakuna hata mmoja aliyejiendesha mwenyewe. Walielekezwa njia na watu walioijua tayari. Walitafsiriwa maneno, walipikiwa, walijengewa vibanda. Na walipougua, na waliugua sana, walibebwa. Nasema kubebwa kwa maana yake halisi. Richard Burton alibebwa kwenye machela. Livingstone katika wiki zake za mwisho mwaka 1873 alibebwa juu ya kitanda cha miti, akivushwa vinamasi vya nchi ambayo leo ni Zambia.

Livingstone alifariki mapema Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo. Kwa msafara wowote hiyo ilitosha kuwa siku ya mwisho. Mwajiri amekufa, mshahara haujulikani, pwani iko mbali. Wangeweza kumzika na kutawanyika, na nani angewalaumu? Lakini watu wake, wakiongozwa na Abdallah Susi na James Chuma, walikaa kikao wakaamua vingine. Moyo na viungo vya ndani walivizika chini ya mti. Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya wamisionari Nasik kule India, akasoma sala za mazishi na kuchonga maandishi kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa. Kisha wakaanza kutembea.

Walitembea karibu miezi tisa. Oktoba mwaka ule walifika Unyanyembe, nyumbani kwa rafiki yangu, wakamkuta mzungu mwingine, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa amekuja kumtafuta Livingstone. Cameron akashauri mwili uzikwe pale pale. Wakakataa. Fikiria jambo hilo, ndugu msomaji. Mwaka 1873 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza anawashauri wapagazi, na wapagazi wanasema hapana, tumeshaamua. Mbele kidogo wanavijiji hawakutaka maiti ipite kwao, basi wakaifunga upya ifanane na mtumba wa vitambaa na kupita nayo.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Meli ya kivita ya Kiingereza, Vulture, ikaja kuuchukua mwili kuuleta Unguja. Huo ndio ulikuwa mwisho wa safari. Mwili uliendelea Uingereza na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, mahali walipozikwa wafalme. Kati ya watu walioubeba, aliyesafiri nao ni mmoja tu, Jacob Wainwright, kwa nauli ya wamisionari. Wengine walilipwa mishahara yao, wakaambiwa kwa herini.

Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka ule ule, baada ya mazishi, kwa gharama za rafiki wa marehemu. Huko walisaidia kueleza shajara za mwisho za Livingstone, kwa sababu wao ndio waliokuwapo. Chama cha Kijiografia cha London kilitengeneza medali kwa ajili ya wote walioubeba mwili, lakini zilipofika wengi walikuwa wameshatawanyika. Walishaingia misafara mingine, maana mtu lazima ale. Chuma alikuja kuongoza msafara wa Joseph Thomson, akafariki Unguja mwaka 1882. Susi naye alifariki Unguja, mwaka 1891. Hawa hawakuwa wenyeji wa kisiwa. Susi alitoka Shupanga kwenye Mto Zambezi, Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto. Lakini safari zao ziliishia hapa, na hapa ndipo palipokuwa kwao.

Labda utasema hicho ni kisa kimoja tu. Haya, tuhesabu.

Mwaka 1863, John Speke na James Grant walimaliza safari yao Kairo. Wao wakaelekea London kupigiwa makofi. Sidi Mubarak Bombay na wenzake wachache waliobaki wakapelekwa Suez, wakapanda meli, wakazunguka kwa bahari kurudi Unguja. Kwao Kairo ilikuwa ugenini. Mwisho wa safari ulikuwa siku meli ilipotia nanga Unguja.

Bombay huyu naye ni Myao, aliyeuzwa akiwa mdogo, akakaa India, akarudi akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke mwaka 1857, na Speke na Grant mwaka 1860, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873. Kwa msafara wa Cameron alivuka bara zima hadi bahari ya Atlantiki, walikofika Novemba 1875. Hapo palikuwa na swali la kawaida kabisa: hawa watu wa Unguja watarudije kwao? Cameron alilazimika kununua merikebu ndogo ya matanga kule Luanda, ikawazungusha kupitia Rasi ya Tumaini Jema kuwarudisha. Bombay alifariki mwaka 1885. Katika hao wazungu wakubwa ni wachache walioijua Afrika kwa miguu kwa upana aliokuwa nao yeye. Majina yao yako kwenye ramani na kwenye vitabu vya shule. Umewahi kukutana na shule inayoitwa Sidi Mubarak Bombay? Mimi sijawahi.

Kisha ni Henry Morton Stanley. Novemba 1874 aliondoka Unguja na msafara mkubwa, wazungu wanne na watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wa Unguja na pwani. Agosti 1877 walitokea Boma, karibu na mdomo wa Mto Kongo, baada ya siku 999. Katika wazungu wanne alibaki yeye peke yake. Katika Waafrika walibaki kama mia na kitu. Wengine walikufa kwa ndui, kwa njaa, kwa vita ambavyo mara nyingi Stanley mwenyewe hakuvikwepa, na kwa maporomoko ya maji. Wengine waliugua na kufa pale pale Boma na baharini, safari ikiwa imekwisha.

Nao walizungushwa kwa meli, Luanda, Rasi, Natal, hadi Unguja tarehe 26 Novemba 1877. Walikuwamo wanawake, na watoto waliozaliwa njiani. Stanley ameyaandika yaliyofuata. Siku kadhaa baadaye ikafika siku ya malipo. Walijipanga wazima na wakapokea. Halafu wakaja wale ambao hakuna picha yao: wajane, mama, ndugu, wamekuja kudai mishahara ya waliokufa. Kila mmoja aje na jina, athibitishe kwamba marehemu ni wake, apokee fedha.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Ukikisoma kisa cha Stanley kuanzia mwanzo unaona shujaa na mto mkubwa. Ukikianzia siku ya mwisho, Unguja, unaona foleni ya wanawake. Kisa ni kile kile, lakini sasa unajua nani aliyelipia.

Na malipo yenyewe? Kwa miaka ile mpagazi wa kawaida alilipwa karibu riale 5 kwa mwezi, na hupewa sehemu mbele kabla ya kuondoka. Tena wapagazi wote hawakuwa huru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Kati ya watu wanaoitwa "wafuasi waaminifu" kwenye vitabu walikuwamo watumwa waliokodishwa, ambao siku ya malipo bwana wao alingoja fungu lake. Wengine walikuwa huru, wenye akili ya biashara, walioifahamu thamani yao na waliogoma njiani kama wafanyakazi wowote. Stanley na wenzake waliwaita wavivu na watoro. Ukisoma vizuri utaona mara nyingi walikuwa wanadai chakula na posho.

Mwaka 1887 Stanley alirudi Unguja kutafuta watu tena, safari hii kwenda kumwokoa Emin Pasha. Watu kama 600 walipanda meli moja naye na Tippu Tip. Waliorudi mwaka 1889 hawakufika nusu. Je, miaka kumi baada ya ile foleni ya wajane, watu walikuwa wamesahau? Sidhani. Nadhani mtu anayehitaji riale 5 huwa na kumbukumbu nzuri tu, lakini pia ana njaa.

Sasa msije mkafikiri kwamba watu wetu walikuwa wanabebeshwa tu bila kusema lolote. Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye nyumba yake bado iko Shangani, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1901 kule Ujerumani, Carl Velten alichapa kitabu kinachoitwa Safari za Wasuaheli, na humo yumo Salim bin Abakari aliyekwenda Urusi hadi Siberia, akasimulia kwa Kiswahili alichokiona kama vile wazungu walivyosimulia walichokiona kwetu. Mswahili ndani ya theluji ya Siberia, anaandika habari za wenyeji! Hiyo nayo ni safari. Kwa nini hatusomeshwi shuleni?

Mchana tulirudisha gari, si mbali na Malindi. Mwenye gari alilizunguka mara mbili akitafuta michubuko, akatazama geji ya mafuta, akainama kuangalia matairi. "Mzigo umerudi salama," akasema. "Karibuni tena, wanangu." Rafiki yangu akanitazama kwa lile neno mzigo, akanyamaza.

Boti inapotoka Malindi inapita mbele ya uso wote wa Mji Mkongwe. Unaliona Kasri, unaiona Ngome Kongwe na Forodhani, unaiona Shangani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, si ile tuliyoizoea, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Watu wote ndani ya boti walikuwa wanapiga picha. Rafiki yangu akasema, "Unajua, ukoo wetu wote mimi ndiye wa kwanza kuja hapa kutembea. Waliotangulia walikuja kazini." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayehesabu.

Nami nimeendelea kuhesabu tangu nifike. Siku hizi Mtanzania mwenye kazi na akiba kidogo anaweza kukodi gari Unguja na kujiendesha. Ni jambo jema na tulifanye zaidi, tusiwaachie wageni kisiwa. Lakini tukienda, tusiende kama watalii wa vitabu vya watu wengine, tunapiga picha Nyumba ya Livingstone na kuondoka. Tuulize waliokuwa wamelala nje ya nyumba ile ni nani.

Majina yapo. Hili ndilo linaloniudhi na kunifurahisha kwa pamoja. Stanley alichapa orodha ya watu wake, waliokufa na waliorudi. Manwa Sera, nahodha wa msafara. Uledi, aliyekuwa akijitosa kwenye maporomoko ya Kongo kuwaokoa wenzake. Na wengine kwa makumi, majina ambayo hadi leo ungeyasikia Ng'ambo au Kariakoo ukiita mtu dirishani. Hakuna haja ya kuchimba ardhi kuyapata. Yanahitaji mtu wa kuyatoa kwenye kurasa za nyuma za kitabu cha Kiingereza, akayasoma kwa sauti.

Kama una bibi au babu Unguja, Bagamoyo au Tabora, nenda kamuulize wiki hii kama kuna aliyebeba mzigo katika ukoo wenu. Usiulize alimbebea nani, hilo limeshaandikwa. Muulize alikuwa anaitwa nani, na kama alirudi.